"Meno mabaya" hayatoshi kwenye faili

SWALI: Shikamoo, Bibi. Najifunza kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi huku Chake Chake. Juzi nilimkagua mgonjwa wa ngiri kabla ya upasuaji, nikaandika "meno mabaya". Mkuu wangu akanirudishia faili niandike upya. Niandike nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkuu wako kakufanyia wema. Meno "mabaya" yaweza kuwa yameoza, yamepandana, yamechomoza au yanatikisika, na kila moja lina shida yake ukishaingiza laringoskopu, kile chombo cha kumulikia koo ili kupitisha mpira wa hewa.

Anza mdomo ukiwa umefungwa. Wanafunzi wengi hukimbilia "fungua mdomo", na mpangilio wa meno huonekana yakikutana. Tena mwenye meno yaliyochomoza huona haya, akalisukuma taya mbele kuyaficha. Mimi humwambia ameze mate, aumanishe magego, ndipo nainua mdomo wa juu kwa kidole. Kwa kawaida meno ya juu hutangulia ya chini milimita 2 au 3. Yakizidi sana, koo halionekani vizuri, na mkono utayaegemea bila wewe kujua. Kisha mwambie aume mdomo wa juu kwa meno ya chini. Akishindwa kabisa, taya lake halisogei vya kutosha. Mwite mkuu mapema. Mwisho afungue mdomo, viingie vidole vyake 3.

Vaa glavu, ulitikise kila jino la mbele. Usiulize tu. Mzee mmoja mvuvi aliniambia meno yake mazima, nami nikamwamini. Jino la mbele liling'oka, likakaa juu ya ulimi, tukaliwahi kwa kibano. Jino likiteleza hadi kwenye njia ya hewa, mara nyingi huangukia pafu la kulia. Alipoamka nilimwonesha, limefungwa kwenye kitambaa. Alilitazama kwa muda mrefu, hakusema neno. Tangu siku hiyo nayashika yote.

Sasa andika hivi: "Meno ya mbele juu yametangulia ya chini milimita 8. Namba 21 linatikisika. Mdomo wafunguka vidole 3. Hawezi kuuma mdomo wa juu. Hana meno ya bandia."

Namba 11 ni jino la kwanza la juu kulia, 21 ni mwenzake wa kushoto. Na kulia ni kwa mgonjwa, si kwako uliyesimama mbele yake.