Bosi Akifoka Mbele ya Wasichana Wako

Niliwahi kusimamia zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi hapa Dar es Salaam. Tulikuwa wanawake 11, kazi yetu kuchambua mizigo ya mikoani. Niliwapangia wapumzike wanne wanne, nusu saa kwa zamu. Usiku mmoja, saa tisa, mkubwa mmoja akaingia bila taarifa, akawakuta wanne wamejilaza juu ya maboksi. Akafoka. Mimi nikanyamaza, nikasema nitamweleza kesho ofisini.

Nilimweleza kweli, akaelewa, lakini wale wanne walikuwa wameshakatwa siku yao. Na mama mmoja mtu mzima aliyezoea kuniita "mwanangu", kuanzia siku ile akaniita "bosi". Hilo liliniuma kuliko kufokewa.

Baadaye nikasoma habari za Charity Adams, Mmarekani mweusi, meja wa miaka 26. Mwaka 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliongoza kule Birmingham, Uingereza, Batalioni ya 6888 ya jeshi la Marekani: wanawake 855, karibu wote weusi, kazi yao kuchambua barua. Walikuta barua na vifurushi vya wanajeshi vinavyokadiriwa kufika milioni 17, vimerundikana kwenye majengo yenye baridi kali, madirisha yamepakwa rangi nyeusi ili ndege za adui zisione mwanga. Panya walikuwa wameshatoboa vifurushi vya keki. Walikuwa na kadi karibu milioni 7 za majina ya wanajeshi, kina Robert Smith peke yao wakiwa 7,500, wanatofautishwa kwa namba za jeshi. Zamu tatu, kila moja ya masaa manane, usiku na mchana. Walipewa miezi sita kumaliza rundo hilo, wakamaliza kwa mitatu.

Siku moja jenerali akaja kukagua gwaride, akauliza wengine wako wapi. Adams akamweleza: hawa wako kazini, wale wamelala, walikesha. Jenerali akasema atamleta luteni mzungu aje amfundishe kuongoza. Adams akajibu pale pale, kwamba hilo lingewezekana yeye akiwa amekufa tu. Jenerali alianza kumwandalia mashtaka ya mahakama ya kijeshi. Naye Adams akaanza kuandaa yake, kwa kutumia agizo la makao makuu lililokataza maneno ya kibaguzi. Jenerali akaacha.

Dada unayeongoza wenzako, usidhani nakuambia ugombane. Adams alijibu baada ya kueleza kila mtu yuko wapi na kwa nini. Basi anza na hilo. Andika mpango wa zamu, ubandike ukutani, mkubwa wako apate nakala kabla hajauliza. Weka hesabu ya kila usiku kwenye kaunta buku. Soma kanuni za kazini kwako, maana ndizo zitakazokutetea sauti ikikutetemeka. Akifoka, jibu hapo hapo, kwa heshima na kwa maneno machache, wenzako wakisikia. Utetezi wa kesho ofisini wao hawausikii.

Nilipata nafasi ya pili. Mkubwa mwingine, saa kumi alfajiri, akauliza kwa nini wengine wamelala. Nikasema, "Wamelala kwa ruhusa yangu, mzee. Hesabu hii hapa, tumeshavuka lengo." Magoti yalinitetemeka, nikashika meza. Akalisoma daftari, akaondoka.

Asubuhi yule mama akanisogezea kikombe cha chai ya tangawizi. "Kunywa, mwanangu."