Iowa ya 2023/24 haikuwa timu ya mtu mmoja, kocha

Kocha mleta uzi, salaam. Umeuliza kama timu ya kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, msimu wa 2023/24, ilikuwa Caitlin Clark na wasindikizaji wanne. Umesema mabinti wako wa sekondari wameona vipande vyake kwenye simu, sasa kila mmoja anataka kutupa kutoka katikati ya uwanja na hakuna anayetaka kugombea mpira chini ya kikapu. Wachangiaji wawili hapo juu wamekujibu kwamba ndiyo, alikuwa mtu mmoja. Mimi msimu ule niliuishi hapa hapa Iowa, kuanzia Oktoba hadi Aprili, na jibu langu ni hapana. Nitaandika marefu, nivumilie.

Nilicheza kikapu nikiwa sekondari, nikafika Umisseta, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya mkoa, namba yangu ilikuwa chini ya kikapu kwa sababu ya urefu. Leo nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mji mdogo si mbali na Iowa City, zamu ya jioni. Kati ya niliokuwa nawahudumia msimu ule alikuwapo bibi mmoja wa miaka 84. Hakukosa mechi hata moja. Siku ya mechi alitaka avalishwe sweta yake ya njano na nyeusi kabla ya chakula cha jioni, na kiti chake kisogezwe karibu na runinga kiasi kwamba magoti yaguse meza. Mechi nyingi niliziangalia kwa vipande, naingia na dawa, natoka na shuka, na kila nikirudi yeye ndiye ananisimulia kilichotokea. Hakuanza hata siku moja na nani kafunga.

Sababu yake niliijua baadaye. Mabinti wa Iowa tangu zamani walikuwa na kikapu chao, watu sita kwa sita. Watatu wanashambulia, watatu wanazuia, na hakuna anayeruhusiwa kuvuka mstari wa kati. Ukipata mpira unadunda mara mbili tu, kisha utoe pasi au utupe. Kwa sisi tuliokulia kwenye netiboli, ambako kila mtu ana eneo lake, haihitaji maelezo mengi. Mchezo huo ulidumu hadi 1993, na vijiji vidogo vya mahindi vilihamia Des Moines kila mwaka kwenye mashindano ya jimbo. Bibi alikuwa mzuiaji. Miaka yote ya sekondari hajafunga pointi hata moja, kwa sababu mzuiaji hakuwahi kukifikia kikapu cha wapinzani. Siku moja alinionyesha akiwa kitini, mkono wa kulia ukishuka mara mbili hewani, tap, tap, halafu mikono yote miwili ikakumbatia mpira usiokuwepo na kiwiko kikatoka nje. "Hapo hakuna anayeuchukua," akaniambia. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi lakini kiwiko kilisimama mahali pake sawasawa.

Nakusimulia hayo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuitazama timu ile.

Msimu ulifunguliwa kwa mechi ya kirafiki tarehe 15 Oktoba 2023, na haikuchezwa ndani. Iliwekwa kwenye Kinnick, uwanja wa wazi wa mpira wao wa miguu wa Kimarekani, dhidi ya DePaul. Watu 55,646 walikuja, idadi ambayo haijawahi kuonekana kwenye mechi ya kikapu ya wanawake. Nilikwenda na binti yangu, wakati ule ana miaka 11. Upepo ulikuwa mkali na baridi ilikuwa imeshaanza, ukiona mpira umeachwa mkononi hujui utaishia wapi. Clark alifunga 34, Iowa ikashinda 94 kwa 72. Kando ya uwanja kuna hospitali ya watoto, na watu wa hapa wana desturi ya kugeuka wote na kuwapungia mkono wagonjwa walioko madirishani. Ilipofika wakati ule binti yangu alipunga hadi mkono ukachoka. Nilijisemea, kama wasichana wa kikapu wanaweza kuleta umati huu mahali hapa, basi mengi niliyoambiwa udogoni kuhusu michezo na wasichana yalikuwa uongo.

Mwezi mmoja baadaye walipigwa nyumbani na chuo cha Kansas State, 65 kwa 58. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza kuwaonyesha mabinti wako. Clark siku hiyo alitupa pointi tatu mara 16, zikaingia 2. Wenzake nao hawakuingiza, na hakuna aliyemsaidia kubeba. Siku ambayo Iowa ilikuwa kweli timu ya mtu mmoja, ilifungwa. Siku kumi baadaye wakakutana tena na Kansas State hiyo hiyo kule Florida, Iowa ikashinda 77 kwa 70.

Sasa fikiria hesabu hii, kocha, maana naona watu wanaipita. Clark alimaliza msimu na wastani wa pointi 31.6, hilo kila mtu analijua. Lakini pia alikuwa na wastani wa asisti 8.9 kwa mechi, na hakuna mchezaji nchini aliyemzidi. Asisti haiandikwi kwa kutoa pasi nzuri. Inaandikwa mwenzako akishafunga. Karibu mara tisa kila mechi kuna mtu alikimbia akafika, akaudaka mpira ambao wakati mwingine ulikuja kama jiwe, akauweka ndani.

Februari nilibahatika. Mwenzangu kazini ana tiketi za msimu, akaugua mafua, akanipa mbili za mechi ya Penn State, Alhamisi tarehe 8. Kila mtu alikuwa anazitaka za Alhamisi iliyofuata, dhidi ya Michigan, kwa sababu ilionekana Clark angeivunja hapo karibu rekodi ya pointi nyingi zaidi za kikapu cha wanawake cha vyuo. Carver-Hawkeye ni ukumbi uliochimbwa ardhini. Unaingia juu, usawa wa barabara, halafu unaona uwanja chini kabisa kama uko ndani ya bakuli. Tulikaa juu sana. Na kutoka kule juu ndipo unaona kitu ambacho simu haikuonyeshi, kwamba walinzi wawili wakimfuata Clark, njia nzima ya katikati inabaki wazi. Hannah Stuelke, mchezaji wa Iowa, binti wa Cedar Rapids, mwendo wa nusu saa tu kutoka pale, aliipita njia ile usiku kucha. Anakimbia, anainua mkono, mpira umeshafika. Pointi 47. Ulikuwa usiku wake, na Clark mwenyewe kila Stuelke akifunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kurusha ngumi juu. Iowa 111, Penn State 93.

Wiki iliyofuata, nyumbani dhidi ya Michigan, Clark alimpita Kelsey Plum aliyekuwa anaishikilia rekodi hiyo kwa pointi 3,527, kwa mtupo wa mbali sana, mechi ikiwa imechezwa dakika mbili na sekunde chache tu. Akamaliza na 49. Hiyo ndiyo video waliyoiona mabinti wako, na ni nzuri, sikatai. Nilipoingia chumbani kwa Bibi alikuwa anafuta macho. Tarehe 3 Machi akampita na Pete Maravich, aliyeshikilia rekodi ya wanaume kwa pointi 3,667, akawa juu ya kila mtu, wanaume na wanawake, kwenye daraja la juu la vyuo. Lakini mechi hiyo hiyo Molly Davis, mmoja wa watano wa kuanza, aliumia goti. Watu walisherehekea rekodi, Bibi akaniuliza mara tatu jioni ile kama kuna habari za goti la Molly.

Aliyeingia nafasi yake ni Sydney Affolter. Kama una binti mmoja ambaye hafungi sana na ameanza kukata tamaa, mtafutie mechi ya West Virginia, raundi ya pili ya mashindano ya taifa. Iowa walikuwa nyumbani na walibanwa kweli kweli, mpira ulikuwa wa kunyang'anyana. Dakika za mwisho wako sare, Affolter akapenya, akachezewa rafu, akafunga hivyo hivyo, na mtupo huru ukaingia. 64 kwa 54. Bila hiyo hakuna Cleveland, mji wa nusu fainali na fainali.

Halafu LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, waliokuwa wamewafunga fainali ya 2023 kwa 102 kwa 85. Clark alikuwa moto, pointi 41, mitupo tisa ya pointi tatu, asisti 12. Wengi wakasema huyo, mtu mmoja. Ila nahodha wao Kate Martin alifunga 21 siku ileile, na ni nadra kumsikia mtu akizitaja. 94 kwa 87.

Nusu fainali ndiyo nataka uwakalishe mabinti chini waiangalie yote. Ilikuwa dhidi ya UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, alichosoma Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania. Ilianza saa mbili na nusu usiku kwa saa za huku, wakati ambao Bibi huwa amelala zamani. Alikataa kulala. Nika Mühl wa UConn alimganda Clark hadi mapumziko akiwa na pointi 6. Aliyeibeba Iowa usiku huo ni Stuelke, pointi 23. Zikabaki sekunde chache, Iowa wanaongoza 70 kwa 69, mpira wa UConn. Gabbie Marshall wa Iowa anamfukuza mtu wake, Aaliyah Edwards wa UConn akajiweka njiani kumzuia, mwamuzi akapuliza kwamba kizuizi kile ni cha rafu kwa sababu Edwards alikuwa anasogea. Mpaka leo watu wanabishana kuhusu filimbi ile, na mimi nakubali ni ya kuumiza ukiwa upande wa pili. Lakini waambie mabinti wasimwangalie mwamuzi. Wamwangalie Marshall peke yake, hata kabla ya filimbi. Miguu yake haisimami. Angetembea, kisingekuwepo cha kupulizwa. Mechi iliisha 71 kwa 69. Bibi aliushika mkono wangu muda wote wa sekunde zile na alama za kucha zilibaki.

Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 7 Aprili. South Carolina ya kocha Dawn Staley haikuwa imefungwa msimu mzima. Clark alifunga 18 robo ya kwanza, tukaongoza, na mimi nikaanza kuamini. Kisha South Carolina wakaanza kubadilisha watu. Anatoka mmoja anaingia mwingine mzima, hajachoka, anafunga. Tessa Johnson, mwaka wa kwanza, alitoka benchi akafunga 19. Kamilla Cardoso, yule Mbrazili mrefu, alichukua ribaundi 17, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka yeye. Ribaundi za timu zilikuwa 51 kwa 29. Pointi za benchi, 37 kwa 0. Soma tena namba hiyo ya mwisho, kocha. Walipoteza 87 kwa 75 wakati Clark amefunga 30. Waliofungwa siku ile walifungwa na wingi wa wachezaji wazuri wa timu nzima, na kama kuna mtu bado anasema kikapu cha wanawake cha vyuo ni mchezo wa nyota mmoja, jibu lake liko kwenye ubao wa mechi iliyotazamwa zaidi. Wastani wa watazamaji ulipita milioni 18, ukaizidi fainali ya wanaume ya mwaka huo.

Iowa wakamaliza na ushindi 34, vipigo 5. Mwezi Mei kocha Lisa Bluder akastaafu baada ya misimu 24, nafasi ikachukuliwa na msaidizi wake wa miaka mingi, Jan Jensen. Bibi alifurahi mno, kwa sababu Jensen alitoka kwenye mchezo ule ule wa sita kwa sita, yeye upande wa washambuliaji, na mwaka wake wa mwisho sekondari alikuwa na wastani wa pointi 66 kwa mechi. "Afadhali wamempa anayejua," alisema.

Kwa hiyo kwa swali lako la mazoezini: usiwakataze kutupa mbali. Clark alitupa mbali kwa sababu alizitupa maelfu akiwa peke yake bila kamera. Ila wape pia kazi ya kumfuata mtu mmoja asiye na mpira kwa robo nzima, dakika kumi, na kuandika kwenye daftari kila alichofanya. Mimi nilimpa binti yangu kazi hiyo kwa Kate Martin. Aliandika kurasa mbili, nyingi zikiwa "amesimama njiani mwa mtu" na "amempa mkono aliyeanguka".

Na huyo Martin, ngoja nimalizie naye. Tarehe 15 Aprili ilikuwa siku ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, kuchagua wachezaji, Brooklyn. Clark aliitwa wa kwanza, Indiana Fever, kama ilivyotarajiwa. Martin alikuwa amekaa na watazamaji, amekuja kumshangilia mwenzake. Bibi alisinzia baada ya Clark. Nilikuwa nakunja nguo zake nikasikia Las Vegas Aces, chaguo la 18, Kate Martin. Sikujua nimwamshe au nimwache. Nikamgusa bega, nikamwambia Kate ameitwa. Akafumbua macho, akasema nimpe miwani.