Kabla ya rm, andika echo

Nilikuwa na mafaili ya muda yapatayo kumi, yote yakianza na neno rasimu. Nikataka kuyafuta kwa mkupuo. Kwenye dirisha la amri la Linux, rm ndiyo amri ya kufuta, na nyota husimama badala ya herufi zozote. Nilikusudia kuandika rm rasimu*, kidole kikateleza, nikaandika hivi:

rm rasimu *

Nikabonyeza Enter. Sikuulizwa lolote. Nilipata lalamiko moja tu, kwamba faili liitwalo rasimu halipo. Mengine yote kwenye folda ile yalikuwa yamekwenda, na amri hii haina pipa la taka la kuyaokotea. Yaliponea mawili yaliyoanza na nukta, maana nyota huyaruka.

Siku zote nilidhani rm ndiyo inayoielewa nyota. Kumbe nyota hufasiriwa na sheli, ile programu inayopokea unachoandika. Sheli huigeuza nyota kuwa orodha ya majina, kisha humkabidhi rm orodha hiyo. Yeye haoni nyota, anaona majina, anafuta.

Ukishalijua hilo, kinga yake ni rahisi: tanguliza echo, amri inayochapa tu unachoipa.

echo rm rasimu *

Sheli itapanua nyota vilevile, ila safari hii majina yatachapwa tu kwenye skrini. Yakikuridhisha, bonyeza mshale wa juu, ondoa echo, endelea. Wapo wanaoshauri uifanye rm iulize kila mara kwa kuibandika -i. Mimi siipendi njia hiyo. Utazoea kuulizwa, kisha siku moja utakaa mbele ya mashine isiyouliza.

Mara nyingi tunafuta kwa sababu diski imejaa, basi anza kwa kutazama. df -h inaonyesha nafasi iliyobaki. Kumjua mlaji wa nafasi hiyo, ingia kwenye folda unayoishuku uandike hivi, du ipime ukubwa na sort ipange:

du -sh * | sort -h

Kikubwa kuliko vyote kitakaa chini kabisa. Kile kistari cha wima ni paipu: matokeo ya amri ya kwanza yanamiminwa ndani ya ya pili. Wazo hilo lilipiganiwa na Doug McIlroy, mtafiti wa Bell Labs, likaingia mwaka 1973 kwenye Unix, mfumo endeshi ambao Linux imeuiga, na hadi leo sijaona njia ya haraka zaidi ya kumkamata faili la logi (kumbukumbu za programu) lililovimba.

Kutafuta neno ndani ya mafaili, grep -rn neno . inatosha, itakupa na namba ya mstari. Majina marefu usiyaandike, bonyeza Tab yajikamilishe.

Halafu kuna man, amri inayofungua mwongozo wa amri nyingine. Wengi wanaikimbia kwa urefu wake, lakini haisomwi kama hadithi: bonyeza mkwaju (/), andika neno unalotafuta kisha Enter, ukimaliza bonyeza q. Niliwahi kupoteza mchana mzima na faili lililoitwa -rasimu, kwa kuwa rm ilikichukua kistari cha mwanzo wa jina kama maagizo. Jibu lilikuwa ndani ya man rm muda wote: rm ./-rasimu.