Ng'ombe hawajafa, mapato yameenda wapi?

SWALI: Mtaalamu, ninafuga ng'ombe kumi wa maziwa kwenye delta, karibu na mto unapoingia baharini. Misimu mitatu sasa maji yanatufikia machache, na kiangazi yana chumvi. Sijapoteza ng'ombe hata mmoja, lakini mapato yanashuka kila mwaka. Hasara inatoka wapi? Na je, nichimbe kisima kirefu?

JIBU: Ndugu mfugaji, sehemu ya hasara unaiona kwenye ndoo. Maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87, na ng'ombe anayekamuliwa hunywa kama lita 60 hadi 100 kwa siku, wakati wa joto hata zaidi. Akikosa maji hupunguza kula, na maziwa hushuka mara moja. Ukiamua kuwaletea maji, ng'ombe kumi kwa lita 80 ni lita 800, yaani kilo 800 za kubeba kila siku. Gharama hiyo wengi hawaiandiki popote, hasa wabebaji wakiwa ni watoto wao.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye uzazi. Ng'ombe aliyekonda huchelewa kupata joto (yaani kutaka dume), na akipandwa huenda asishike mimba. Anayezaa kila miezi 12 hukupa ndama 6 kwa miaka 6. Akizaa kila miezi 18 hukupa 4. Hakuna mzoga wa kuhesabu, lakini ndama wawili hawapo, na maziwa ambayo yangefuata kuzaliwa kwao hayapo pia. Tena mimba huchukua karibu miezi tisa, hivyo shida ya kiangazi hiki utaihisi mfukoni mwakani au mwaka wa pili. Ndiyo maana wafugaji hulaumu mwaka usio na kosa.

Halafu kuna soko. Malisho yakikauka, delta nzima huuza kwa pamoja: bei ya ng'ombe huanguka wiki ileile bei ya majani inapopanda. Madume ya ziada na majike yasiyozaa uza mapema, wakati bado yana mwili. Ningekuwa wewe, ningeanzia hapo kabla ya kufikiria kisima.

Sasa chumvi. Mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda na kuingia ndani. Yamewapata watu wa delta ya Indus huko Pakistani, na wa Mekong huko Vietnam mwaka 2016 na tena 2020. Nunua kifaa kidogo cha kupimia chumvi ya maji. Chini ya gramu 1 kwa lita hakuna wasiwasi. Kati ya 3 na 5 ng'ombe wanaweza kuharisha au kuyakataa mwanzoni. Zaidi ya 5, usiwape wenye mimba na wanaokamuliwa. Zaidi ya 10, asinywe mnyama yeyote. Pima ndani ya birika la kunyweshea, si mtoni tu, maana maji yaliyoachwa juani hupungua na chumvi yake hukolea.

Kisima kirefu usikimbilie. Karibu na bahari, maji baridi (yasiyo na chumvi) ya ardhini mara nyingi huelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni inayotumika inasema kwamba usawa wa maji baridi ukishushwa mita 1, mpaka wa chumvi chini yake unaweza hatimaye kupanda hadi mita 40. Zipo delta zenye tabaka jingine la maji baridi chini kabisa, lakini hilo lithibitishwe na mtaalamu wa maji ya ardhini kabla hujalipa mchimbaji. Kwa kawaida visima vifupi viwili au vitatu, vilivyoachana na kuvutwa polepole, ni salama kuliko kimoja chenye pampu kubwa. Pima chumvi kila wiki, na ikianza kupanda punguza kuvuta siku hiyohiyo, kwa sababu kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kinaweza kuchukua miaka kurudi kilivyokuwa.