Kupuliziwa kaboni dioksaidi tumboni wakati wa kutoa uvimbe, mimi yamenikuta mara mbili

Mkuu uliyeuliza kama mzee wako atadhurika kwa vile dokta kasema watampulizia kaboni dioksaidi kwenye utumbo mpana, na majirani wamekutisha kwamba ndo ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu wamelala, tulia kwanza. Ile ya jiko ni kaboni monoksaidi, kitu kingine kabisa. Hii ni ile tunayoitoa puani kila tukipumua, na ndo inayotoa mapovu kwenye soda.

Mimi mtu wa Ujiji. Mara ya kwanza nilipimwa utumbo mpana kwa ile kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, hospitali siitaji, walitumia hewa ya kawaida. Kipimo chenyewe fasta tu, shughuli ikaja baadae, tumbo limekaza kama ngoma, nimejikunja kwenye benchi la korido upepo hautoki, nesi anapita ananiambia "tembea tembea baba, utajamba tu", shemeji yangu pembeni anajizuia kucheka. Nimekuja kupata nafuu usiku. Na waliukuta uvimbe wa sentimita 3 hivi, wakasema huu sio wa hapa, nenda Dar.

Dar ndo nikakutana na hiyo gesi yenu. Ujue utumbo ukiwa mtupu umelala kama mfuko wa rambo, bila kuujaza dokta haoni kitu, lazima wapulize. Sasa uvimbe mpana hautolewi chap, wanachoma kwanza sindano ya maji ya chumvi yenye rangi ya bluu chini yake ili unyanyuke, ndo wakate kwa waya wa umeme pole pole, mimi nilikaa karibu masaa mawili na muda wote gesi inaingia. Hewa ya kawaida 78% ni nitrojeni, ukuta wa utumbo hauinyonyi kirahisi, kwahiyo inabaki mle mpaka itafute mlango. Kaboni dioksaidi inanyonywa haraka zaidi ya mara 100 kuliko nitrojeni, inaingia kwenye damu, inafika mapafuni, unaipumua nje. Yaani kwa lugha ya Mwanga sokoni, unajamba kwa pua 😂. Nilivyozinduka nikajishika tumbo, laini, nikadhani hawajaanza.

Alafu kuna la moto, watu hawalisemi. Bakteria wa tumboni wanatengeneza haidrojeni na methani, ukichanganya na oksijeni ya hewa af ukapitisha cheche za umeme, inaweza kulipuka, ni nadra sana ila imeshatokea duniani. Kaboni dioksaidi haiwashi moto. Ndo maana pia mzee anywe ile dawa ya kuharisha ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo, anywe YOTE, asimwage nusu chooni kama alivyofanya jamaa mmoja niliyelazwa nae, akarudishwa.

Cha kumwambia dokta mapema ni kama mzee ana shida ya mapafu, hasa wale waliovuta sigara miaka mingi wakipanda ngazi wanahema, maana gesi inatoka nje kupitia mapafu hayo hayo, watamuangalia kwa ukaribu zaidi au watabadili mpango.

Na tiketi ya treni ya kurudi Kigoma msikate ya kesho yake. Kidonda kinaweza kuvuja damu hata baada ya wiki, mimi nilikaa kwa shemeji Mbagala siku 14 nakula uji na ndizi, ukianza kuvuja mko katikati ya pori la Malagarasi utamuita nani?