Kazi Iliyokuja Yenyewe

Barua pepe ya kwanza ya mtu nisiyemjua akinipa kazi niliipata mwezi wa tatu tangu nianze kutafsiri kwa kujitegemea. Bwana mmoja aliyesema yuko Uingereza alitaka hotuba ya maneno kama 5,000 itafsiriwe kwa Kiswahili, kwa ajili ya semina ya vijana. Bei niliyotaja aliikubali palepale. Hakuuliza nimesomea wapi, hakuomba sampuli, wala hakujali kama kazi itatoka wiki ijayo au mwezi ujao. Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu.

Kilichoniokoa si ujanja wangu. Kuna istilahi ilinishinda, nikaibandika sentensi nzima kwenye Google nione wengine wanaitumiaje, na hotuba yote ikanitokea: makala ya Wikipedia, neno kwa neno. Siku mbili baadaye bwana akaandika kwamba mfadhili wake kakosea, kaandika hundi kubwa kuliko deni. Nikiipata nichukue changu, kinachobaki nimtumie mtu wa usafiri.

Ni ile "ile hela tuma kwenye namba hii" tunayoijua sote, safari hii imevaa suti. Mtego wa hundi ulitengenezewa nchi ambazo benki humruhusu mteja kutumia pesa ya hundi kabla haijathibitishwa ilikotoka. Wiki kadhaa baadaye hundi inarudi kuwa bandia, benki inakudai wewe, na hela uliyomtumia "mtu wa usafiri" ilishakwenda. Kwetu hundi ya nje haipiti kirahisi, kwa hiyo wamebadilisha sura: malipo yako "yamekwama" na unatakiwa utume ada ya kuyafungua, au ulipie kwanza mafunzo, programu, au usajili. Matapeli wa Telegram wanakulipa kweli shilingi elfu chache siku ya kwanza kwa kubofya video, kesho yake wanakuambia uweke chako ili upande daraja. Mimi nimebaki na kipimo kimoja tu: kwenye kazi, hela inatoka kwa mteja kuja kwangu. Ikianza kutakiwa irudi, hata shilingi mia, nimemaliza mazungumzo.

Lakini msije mkaanza kufuta kila barua ya mtu msiyemjua. Mteja wangu wa muda mrefu kuliko wote alikuja kwa mistari mitatu, bila salamu, Kiingereza kimevunjikavunjika. Nilikaribia kuifuta. Kumbe ni mama mwenye kampuni ndogo ya tafsiri, Kiingereza ni lugha yake ya tatu, na alikuwa na haraka kwa sababu mtafsiri wake aliugua. Zamani tulifundishwa kwamba tapeli utamjua kwa makosa ya kisarufi. Siku hizi mashine inamwandikia kila mtu, na matapeli wanaandika Kiingereza safi kuliko wateja wangu wengi.

Pigo langu halisi lilikuja nikiwa nimeshajiona mzoefu. Meneja wa miradi wa kampuni ya Ulaya, kampuni inayojulikana, aliniandikia. Jina lake lipo kwenye tovuti yao, picha yake ipo, saini chini ya barua ina anwani na namba ya usajili. Kazi ya maneno 11,000, mwongozo wa mashine za hospitali, senti 4 za dola kwa neno. Niliifanya usiku na mchana kwa siku sita. Nikatuma kazi, nikatuma ankara ya dola 440, nikasubiri siku 30, kisha 45. Kimya. Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni, nikapiga namba iliyoandikwa pale. Meneja mwenyewe alipokea. Hakuwahi kunisikia. Tukarudi kwenye barua pamoja, na ndipo nikaona: anwani yake halisi haina kistari kati ya maneno mawili ya jina la kampuni. Ile iliyoniandikia ilikuwa nacho. Tapeli alichukua kazi kwa mteja wa kweli, akanipa mimi niifanye, akalipwa yeye.

Kistari kimoja, dola 440.

Ndiyo maana sasa jambo la kwanza ninalosoma kwenye barua ngeni ni anwani, herufi moja moja, pamoja na anwani ambayo jibu langu litakwenda, maana mara nyingine si ileile. Kisha naifungua tovuti ya kampuni kwa kuiandika mwenyewe, sibofyi kiungo walichonitumia, na nawaandikia kwa anwani iliyopo pale: je, huyu ni wenu? Kampuni halisi haijawahi kunikasirikia kwa swali hilo, wengine wamenishukuru. Natazama pia tarehe ambayo jina la tovuti lilisajiliwa, kitu ambacho huduma za WHOIS, yaani kumbukumbu za usajili wa majina ya tovuti, hukuonyesha bure. Kampuni inayojisifu miaka 20 kazini na tovuti yake ina wiki tano ina maelezo ya kutoa. Watafsiri wana Blue Board, ukurasa wa tathmini kwenye ProZ, tovuti ya watafsiri, ambako wenzako huwapa wateja alama kuanzia 1 hadi 5 kulingana na kama wangefanya nao kazi tena. Lakini alama nzuri ni za kampuni halisi, si za aliyeazima jina lake. Mimi hapo ndipo nilipoingizwa mjini.

Jibu langu la kwanza kwa mgeni ni fupi. Nashukuru, nataja bei yangu, halafu nauliza: jina kamili la kampuni na nchi iliyosajiliwa, nani atalipa, kwa njia gani na baada ya siku ngapi, na nani alikuelekeza kwangu. Naomba nione faili kabla ya kukubali tarehe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa. Ila hata kijijini mgeni huulizwa katokea wapi kabla ya kuwekewa maji ya kuoga. Mteja wa kweli hujibu hayo kwa dakika tano. Tapeli hujibu moja, anaruka mengine, anarudia kwamba kazi ni ya haraka.

Kazi ya majaribio ipo na si dhambi. Maneno 200 au 300 huwa nafanya bure kama kampuni imeshathibitika. Zaidi ya hapo nalipisha. Ukipewa "jaribio" linaloanzia katikati ya sentensi, shtuka. Mimi na dada mmoja wa Nairobi tuligundua kwa bahati, tukipiga soga, kwamba aya yake ya majaribio ilikuwa inaendelea pale yangu ilipoishia. Sijui tulikuwa wangapi kwenye kitabu kile.

CV nayo ni mali. Kuna watu wanachukua CV za watafsiri zilizowekwa hadharani, wanabadilisha anwani ya barua pepe tu, na kuomba kazi kwa jina lako. Kazi mbovu itatoka kwa mashine, jina litakalochafuka ni lako. Kwa hiyo CV ya hadharani iwe fupi. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA haviingii humo. Mteja akihitaji nakala ya kitambulisho, jambo ambalo hutokea, naandika juu ya picha yenyewe ni kwa ajili ya nani na tarehe gani.

Kuhusu malipo, usishangae kampuni ya tafsiri ikikataa kutoa kianzio. Kwao ni kawaida kulipa baada ya siku 30, hata 60. Soma maneno vizuri: "siku 45 kutoka mwisho wa mwezi" kwa kazi uliyotuma tarehe 3 Machi maana yake ni 15 Mei, na kodi ya nyumba haitasubiri. Mteja wa moja kwa moja, asiye kampuni ya tafsiri, namwomba nusu kwanza. Kwa wote wawili siandiki neno la kwanza bila oda ya kazi yenye bei na tarehe, na kazi ya kwanza naikata: maneno 1,000 au 2,000, nilipwe, ndipo tuendelee. Ningefanya hivyo kwa ule mwongozo wa hospitali ningepoteza siku moja, si sita. Uliza pia nani anabeba makato ya benki, kwa sababu dola 100 inayopita benki za katikati haifiki 100. Na wenzetu wa Kenya wanaolipwa kwa PayPal wakumbuke kwamba mlipaji ana hadi siku 180 za kufungua malalamiko, hivyo kuona salio siyo kumalizana.

Jana imeingia nyingine: maneno 3,200 kuhusu pampu za umwagiliaji. Nimeuliza maswali yangu. Kampuni ipo, tovuti ina miaka tisa, dada wa mapokezi amesema aliyeniandikia yupo meza ya pili kutoka kwake. Oda ya kazi wamesema wataituma Jumatatu, nami nitaanza Jumatatu ikishafika.