Saa mbili ya wapi? Kabla hujawawekea watu masaa ya kuingia kwenye komputa

Mimi naangalia seva za ofisi ya mizigo hapa Mombasa, na tuna wenzetu Dubai, Mumbai na London. Bosi akaniambia kila mtu aingie saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni basi, nami nikafungua Active Directory, ile programu ya seva inayoshika akaunti za wafanyakazi, na kwenye jedwali la masaa nikapaka buluu, yaani ruhusa ya kuingia, 8 hadi 17 kwa wote, nikaenda zangu kulala. Kesho yake natoka msikitini alfajiri simu ishalia, Mumbai wako mezani, kwao ni saa mbili kamili na komputa inawakatalia, paswadi iko sawa lakini wapi! Ningewaacha vile wangengoja mpaka saa nne na nusu yao. Niliumia sana, wale watu walikuwa na meli ya kushughulikia.

Iko hivi. Lile jedwali lina vibox 168, yaani saa 24 mara siku 7, na seva inaliweka kwa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, masaa 3 nyuma yetu. Kwenye skrini unaona saa ya komputa uliyokalia wewe, sio ya yule mfanyakazi. Kwa hio admini wa Dubai akifungua akaunti uliyoipanga hapa ataona rangi imesogea kibox kimoja, akidhani umekosea akairekebisha, ndo ameharibu. Kubalianeni mmoja tu ndo aguse.

Mumbai ina tabu yake, iko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu na kibox hakigawanyiki, kwa hio mimi huwapa nafasi, 08:00 hadi 17:00 yao napaka 5 hadi 15 yetu. London wanabadilisha saa Machi na Oktoba sisi hatubadilishi, nao nikawapa 10 hadi 20 yetu, inatosha mwaka mzima. Dubai ni 7 hadi 16, hao hawana shida.

Na jamani msiandikie watu wa nje "saa mbili", mwenzako wa Mumbai atasoma 2. Andika 08:00 na utaje mji.

Halafu masaa yakiisha aliye ndani hatolewi, anazuiwa anayeingia upya. Iko sera ya kukata masaa yakiisha lakini hukata njia ya kufikia mafaili ya kwenye seva tu, mtu anabaki kwenye skrini yake, so waambie mapema wasevu kazi.